Kukopa Harusi, Kulipa Matanga

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Leo tujiulize: nchi inapokopa na kushindwa kulipa, nani huingia matangani?

Ukisimama stesheni ya TAZARA pale Mbeya, au Makambako, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa Mkoa wa Iringa, unatazama deni lililogeuka reli. Benki ya Dunia ilikataa kuijenga mwaka 1964. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa Waingereza wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa.

China ikaingia. Mkataba wa kwanza ulitiwa saini Septemba 1967, na mwaka 1970 ukakamilishwa mkopo wa yuani milioni 988 usio na riba, Tanzania na Zambia nusu kwa nusu, ulipwe kwa miaka 30. Reli ya kilometa 1,860 ilikabidhiwa Julai 1976. Gharama za hapa nchini, kama mishahara ya vibarua, zilipatikana kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani. Kwa hiyo rafiki naye alikuwa mfanyabiashara.

Mkopo huo haukuwa na bima. Serikali ya China ndiyo iliyobeba hatari yote.

Uingereza ilikuwa na njia nyingine tangu 1919, ilipoanzisha idara ya serikali ya kudhamini mauzo ya nje. Kiwanda huuza mashine, benki hukopesha, idara hutoza ada na kuweka dhamana. Mnunuzi asipolipa, idara humlipa mwenye benki, kisha yenyewe humgeukia mdaiwa. Hapo deni la duka huwa deni la serikali kwa serikali.

Tofauti ya njia hizi ilionekana mambo yalipoharibika. Baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1979, fedha za kigeni zilikauka. Wadhamini wa Magharibi waliona malimbikizo, wakafunga milango wakati vipuri vinahitajika kuliko siku zote. Septemba 1986 Tanzania ilikaa na wadai wake katika Klabu ya Paris. Ikarudi 1988, 1990, 1992 na 1997. Kila mara deni lilipangwa upya, na riba ikaendelea kutembea. Nafuu kubwa ilikuja baada ya Novemba 2001, chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa.

China haikuwa kwenye meza ile. Mambo ya TAZARA yalizungumzwa pembeni na Beijing, bila riba ya kuogopa. Lakini tusijidanganye. Mdhamini wa bima huuliza mapema kama mradi utalipa. Urafiki hauulizi sana. Reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilibeba kama tani 88,000 tu mwaka 2014/15. Hayo nayo ni matanga.

Siku hizi njia hizo mbili zinakaribiana. China ilianzisha shirika lake la bima ya mauzo ya nje mwaka 2001. Mwaka 2020 Tanzania ilipata mkopo wa dola bilioni 1.46 kwa reli ya kisasa, ukiwa na dhamana za mashirika ya Sweden na Denmark. Na Septemba 2024, huko Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia hati ya maelewano ya kuifufua TAZARA.

Mkulima wa Mbozi na mfanyabiashara wa Mafinga hawaalikwi kwenye sherehe za kutia saini. Lakini bima humlinda anayeuza, haimlindi anayenunua. Mlipaji wa mwisho ni mwenye kodi. Basi kabla ngoma haijapigwa, tuulize mambo mawili: mzigo utatoka wapi, na mzigo usipotosha, nani atalipa? Dawa ya deni ni kulipa, lakini kinga yake ni kuuliza mapema.