Hesabu ya Wanyama wa Ruiru Iko Washington

Mei 2027 itatimia miaka 50 tangu Serikali ipige marufuku uwindaji nchini Kenya. Kila sheria ya wanyamapori inapoguswa, swali la zamani hufufuka: je, mwenye shamba aruhusiwe kuvuna wanyama walio kwake? Hapa Mwiki, upande wa Ruiru, swali hilo husikika kama habari ya nchi ya mbali, kwa kuwa kinachohesabiwa hapa ni ploti. Mtoto wetu akitaka kumwona pundamilia, shule humpakia kwenye basi hadi Mbuga ya Nairobi. Lakini kuna wakati wanyama walikuwa jirani zetu, na aliyeandika habari zao alikuwa rais mstaafu wa Marekani.

Theodore Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909, wiki chache baada ya kuondoka madarakani. Alikuja na mwanawe Kermit pamoja na wataalamu wa viumbe, kwa niaba ya taasisi ya Smithsonian. Mwezi uliofuata alikuwa mgeni wa Mmarekani mwenzake, tajiri William Northrup McMillan, katika shamba la Juja. Kitabu chake African Game Trails, kilichotoka 1910, kinaiweka nyumba ya McMillan karibu na makutano ya mito miwili, Nairobi na “Rewero”. Rewero ndio mto wetu Ruiru, ulioandikwa jinsi sikio lake lilivyousikia.

Sura nzima ya kitabu hicho ni ya Juja, na kichwa chake kinawataja kiboko na chui. Ukiisoma ukiwa Mwiki leo, moyo hushtuka: viboko mtoni, swala pala vichakani, makundi ya wanyama kwenye uwanda. Chui aliyejeruhiwa na Kermit alimwangusha mmoja wa watu waliokuwa wakiwatimua wanyama kichakani, kabla hajamalizwa kwa risasi.

Jambo lenye uzito zaidi ni orodha. Roosevelt alichapisha hesabu ya wanyama wakubwa waliowaua katika safari yote, aina kwa aina: yeye 296, Kermit 216, jumla 512. Ngozi na mafuvu vilisafirishwa hadi Washington, vikawa hazina ya watafiti.

Wakati huo huo, sheria ya leseni ilikuwa imewabana Wakamba wa pande za Ol Donyo Sabuk, waliowinda kwa upinde na mshale wa sumu tangu kabla ya reli. Mgeni aliyelipia karatasi aliitwa mwindaji. Mwenyeji aliyetafuta kitoweo aliitwa jangili. Dhuluma hiyo haijasahaulika, na ndiyo inayowafanya wengi hadi leo waone uhifadhi kuwa jambo la wageni.

Yaliyofuata yanajulikana. Mbuga ya Nairobi ilianzishwa 1946, na Ol Donyo Sabuk, mlima alikozikwa McMillan, ukawa hifadhi ya taifa 1967. Marufuku ikaja 1977, na mwaka 1989 Rais Moi akazichoma tani 12 za pembe za ndovu.

Serikali nayo ikaacha kuhesabu waliouawa, ikaanza kuhesabu walio hai. Tangu miaka ya 1970 ndege za kitengo cha KREMU, ambacho sasa ni idara ya DRSRS, zimepita juu ya nyanda za malisho zikihesabu. Uchambuzi wa takwimu hizo ulionyesha kwamba kati ya 1977 na 2016 wanyamapori walipungua kwa wastani wa asilimia 68, ingawa bunduki za wawindaji wenye leseni zilikuwa zimenyamaza. Sensa ya kwanza ya kitaifa, ya 2021, ilipata ndovu 36,280 na vifaru weusi 897.

Huku kwetu hakukuhitajika risasi. Mkonge, kahawa, kisha nyumba za kupangisha viliimaliza kazi polepole, bila daftari wala shahidi. Roosevelt aliua, lakini aliandika. Sisi tuliwapoteza wanyama wetu bila hata kuandika mwaka walioondoka. Wazee waliowaona wa mwisho waulizwe sasa, na majibu yao yawekwe katika shule za Ruiru kando ya nakala ya orodha ile ya 1910.