Daraja la Kirumi na Historia ya Kujifunza Mbinu ya Elementi Ukomo

Barabara itokayo Mwanza hupita Bunda, hufika Makutano inapochepuka njia ya Musoma, kisha huvuka Mto Mara kwenye Daraja la Kirumi kuelekea Tarime na Sirari. Daraja hilo la miaka ya 1980 hushikiliwa na kamba za chuma zinazoshuka kutoka minarani. Muundo wa namna hiyo haukokotoleki kwa milinganyo ya msawazo peke yake, kwa kuwa nguvu zisizojulikana huizidi idadi ya milinganyo. Ni lazima urefukaji wa kamba na upindaji wa boriti uhesabiwe kwa pamoja.

Hitaji la aina hiyo ndilo lililozaa mbinu ya elementi ukomo, yaani kuugawa muundo katika vipande vidogo vinavyokutana kwenye nodi. Mwaka 1956 Turner, Clough, Martin na Topp waliitumia kwa miundo ya ndege. Clough akaipa jina mwaka 1960. Kitabu cha Zienkiewicz, kilichowafikishia wanafunzi mbinu hiyo, kilitoka mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha.

Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973. Mwaka uliofuata Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Ni rahisi kuhitimisha kwamba marufuku hayo yaliifunga njia ya kujifunza mbinu hii, lakini hitimisho hilo linachanganya kukokotoa na kuelewa. Chukua vyuma viwili vilivyounganishwa ncha kwa ncha, chenye ukakamavu wa kilonewtoni 200 kwa milimita na chenye 300. Ncha ya kwanza imefungwa ukutani. Ya mwisho inavutwa kwa kilonewtoni 60. Kwenye nodi ya kati ukakamavu hujumlishwa kuwa 500, na milinganyo miwili hutoa msogeo wa milimita 0.3 katikati na 0.5 mwishoni. Karatasi na kalamu zinatosha. Kompyuta huhitajika pale nodi zinapokuwa maelfu, nayo hairekebishi kosa la aliyeweka egemeo mahali pasipo na egemeo; huchora tu picha yake kwa rangi za kupendeza.

Kizuizi cha lugha kimedumu kuliko kile cha mashine. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alichapisha tafsiri za Kiswahili za Shakespeare mwaka 1963 na 1969, ilhali uhandisi uliendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Leo Butiama ina chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina lake. Mwanafunzi anayetaka kumweleza fundi wa Musoma matriki ya ukakamavu hukutana kwanza na neno “ugumu”, linalobeba kwa pamoja ugumu wa jiwe, ugumu wa mtihani na ukinzani wa boriti dhidi ya kupinda. Maana hiyo ya tatu pekee ndiyo inayoingia kwenye hesabu ya Kirumi.