Maji ya Momela na Meno Yangu

Ndugu msomaji, ukiniona nacheka nimeziba mdomo kwa kiganja, usidhani ni maringo. Meno yangu ni ya kahawia, kama ya wengi tuliozaliwa huku Momela, mashariki ya Mlima Meru. Nilipokwenda kusoma mkoa mwingine, bwenini waliniuliza kama nilizaliwa na sigara mdomoni. Nilimaliza kidato cha nne bila kuwajibu.

Jibu limo ndani ya maji. Mto wetu unaitwa Ngare Nanyuki, yaani maji mekundu kwa Kimasai, na upande wa barabarani uko Maji ya Chai. Wazee waliita walichokiona. Lakini rangi siyo yenye kosa. Mwenye kosa ni floridi, inayotoka kwenye miamba na majivu ya volkano, na hiyo haionekani kabisa.

Bibi yangu hupika makande kwa magadi. Husema magadi huongeza moto ndani ya chungu. Nilimcheka, kumbe ana chembe ya ukweli! Kitu kikiyeyuka, chembe zake hujichanganya na maji na kuyafanya yatoke kwa shida kuwa mvuke, hivyo yanataka joto zaidi ili yachemke. Mfaransa Raoult alipima mambo haya miaka ya 1880, na Mholanzi van 't Hoff, aliyeyafanyia hesabu, akapata Nobeli ya kwanza kabisa ya kemia mwaka 1901. Kinachohesabiwa ni wingi wa chembe, siyo aina yake. Sukari huyeyuka chembe nzima nzima. Magadi hukatika vipande vitatu. Ila kwa kijiko cha bibi joto haliongezeki hata nyuzi moja, na huku juu, kama mita 1,500, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Maharage huiva kwa kuwa magadi hulegeza gundi iliyomo ndani yake.

Chungu kikubwa zaidi ni maziwa yenyewe. Maji huingia, hayana mto wa kutokea. Jua huchukua mvuke, chumvi inabaki. Vipimo vilivyochapishwa miaka ya 1970 vilikuta floridi hadi miligramu 690 kwa lita; Shirika la Afya Duniani linataka isizidi 1.5 katika maji ya kunywa. Ukinywa maji makali namna ile, hayakati kiu, yanavuta maji kutoka mwilini mwako. Heroe anamudu kwa sababu hutoa chumvi kupitia puani. Sisi hatuna pua hiyo.

Hapo ndipo lilipo kosa letu la miaka mingi. Tuliambiwa chemsheni maji, nasi tukachemsha. Vijidudu vilikufa, kweli. Floridi haifi. Mvuke ulitoka, floridi ikabaki sufuriani, na mama aliyechemsha muda mrefu zaidi kwa kumpenda mwanawe ndiye aliyempa maji makali zaidi.

Na ardhi hii tuliililia! Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwafukuza Wameru Engare Nanyuki ili walowezi wapate mashamba. Watu wapatao 3,000 walihamishwa, nyumba zikachomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa kulidai shauri hilo. Riwaya yangu, nikijaaliwa, itaanzia kwenye moshi ule. Nimejiuliza sana: je, wangejua kilichomo majini, wangedai? Nadhani wangedai tu. Mtu hadai maji peke yake. Anadai makaburi ya babu zake.

Dawa iliyofanyiwa utafiti hapa kwetu, Ngurdoto, ni mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikawa mkaa. Maji hupitishwa humo, floridi ikanata kwenye mfupa. Hupenda mfupa, ndiyo maana imekaa kwenye meno yangu, na ndiyo maana wengine huku miguu yao imepinda.

Nilimletea bibi ndoo yenye mkaa huo. Akainusa. "Mjukuu wangu, ninywe mchuzi wa mizoga?" Nikamwambia ajaribu kikombe kimoja. Alikunywa, akanyamaza kidogo, akasema hayana ladha. Kisha akamjazia mdogo wangu kikombe, naye akarudi kwenye mtungi wake wa zamani.