Jinsi malango ya wavuti yalivyowafungulia wanasayansi gridi

Hebu leo tuangalie jinsi ukurasa wa kawaida wa wavuti ulivyomwezesha mwanabiolojia kutumia tarakilishi zenye nguvu kubwa bila kujua amri hata moja ya Unix.

Kwanza, gridi ni nini? Ni tarakilishi za taasisi mbalimbali zilizounganishwa ili mtafiti azitumie kana kwamba ni mtambo mmoja. Ian Foster na Carl Kesselman ndio waliolieneza wazo hili mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2001, NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, lilitoa dola milioni 53 kuanzisha TeraGrid katika vituo vinne.

Mitambo ikapatikana, lakini kuingia kulikuwa kazi. Ulihitaji cheti cha kidijitali cha kukutambulisha. Kisha uliandika amri ya grid-proxy-init ili upate kibali cha muda, kwa kawaida cha saa 12, na baada ya hapo amri nyingine za kutuma kazi. Mwanafizikia aliyezoea Unix aliweza. Mtafiti wa wadudu alikata tamaa hapo hapo.

Wanaoandika programu watauliza: kwa nini wasingeweka tu ukurasa wa wavuti mbele ya mitambo? Shida ni kwamba kivinjari hakikuwa na njia ya kukabidhi seva kibali cha mwenye cheti. Mwaka 2001 Jason Novotny, Steven Tuecke na Von Welch walieleza suluhisho lao, MyProxy. Unahifadhi kibali kwenye seva maalum na kukilinda kwa neno la siri. Ukifika kwenye lango unaandika jina na neno hilo, nalo lango linachukua kibali cha muda mfupi kwa niaba yako. Ufunguo wenyewe wa siri haufiki kwenye lango kamwe.

Hata hivyo, bado ulipaswa kuwa na cheti. Hatua iliyofuata ndiyo iliyokuwa na utata: akaunti ya pamoja. TeraGrid iliruhusu lango liwe na akaunti moja, na kazi za watumiaji wake wote ziendeshwe kwa jina hilo. Fikiria wewe ndiye msimamizi wa mtambo wa mamilioni ya dola, halafu unaombwa kupokea kazi za watu usiowajua. Mmoja akifanya uharibifu, utamfungia nani? Ukiifunga akaunti, umewafungia wote. Ndiyo maana lango lilipaswa kuweka kumbukumbu ya nani ametuma kazi gani, na mtumiaji akachagua programu kwenye orodha tu, asiweze kuendesha chochote anachotaka.

Matunda yalionekana. nanoHUB ya Chuo Kikuu cha Purdue iliwapa wanafunzi na watafiti programu za kuiga vifaa vidogo mno vya elektroniki, zikiendeshwa ndani ya kivinjari. CIPRES ya San Diego iliwasaidia wanabiolojia kuchora miti ya ukoo wa viumbe: unapakia faili ya mfuatano wa DNA, unachagua programu kama RAxML au MrBayes, unabonyeza, halafu unasubiri barua pepe kwamba kazi imekwisha.

TeraGrid ilifikia kikomo mwaka 2011 na XSEDE ikachukua nafasi yake. Nayo XSEDE ikaipisha ACCESS mwaka 2022. Neno gridi halisikiki sana siku hizi, lakini wazo la kukabidhi kibali cha muda badala ya siri yenyewe tunalitumia kila siku. OAuth, iliyotoka mwaka 2007, inafuata fikra kama hiyo.

Kwa hivyo, ukijenga mfumo utakaowaficha watumiaji ugumu wa mitambo, amua mapema: jambo likiharibika, utajuaje ni nani, na utamzuiaje bila kuwazuia wengine? Fomu nzuri unaweza kuiandika kwa siku mbili. Swali hili liliwachukua watu wa gridi miaka kadhaa.