MTAKUWWA

MTAKUWWA ni kifupisho cha Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto wa Tanzania. Ulizinduliwa Desemba 2016 kwa kipindi cha 2017/18 hadi 2021/22, ukiunganisha mipango minane iliyokuwa ikitekelezwa kila mmoja kivyake. Lengo lilikuwa kupunguza ukatili kwa nusu. Hitaji lilikuwa kubwa: utafiti wa afya wa 2015–16 ulionyesha kuwa wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15–49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili.

Uratibu unafuata ngazi za utawala, kuanzia Ofisi ya Waziri Mkuu hadi kamati za ulinzi za kijiji na mtaa, ambako viongozi wa serikali hukaa meza moja na asasi za kiraia. Kazi hii huonekana vizuri zaidi katika vituo vya mkono kwa mkono ndani ya hospitali. Kabla ya vituo hivyo, aliyebakwa au kupigwa alilazimika kwenda polisi kuchukua fomu ya polisi ya PF3, kisha hospitali, kisha kurudi polisi, akisimulia machungu yake upya kila dirisha. Sasa kituoni huwakuta daktari, askari na afisa ustawi wa jamii mahali pamoja.

Asasi kama WiLDAF, TAMWA na Kivulini ya Mwanza hutoa msaada wa kisheria na elimu kwa umma, hasa katika siku 16 za kupinga ukatili, Novemba 25 hadi Desemba 10. Awamu ya pili ya mpango ilizinduliwa 2024.