Kadi ya mkono yenye sura ya zamani

Mtindo wa kukipa kitu kipya sura ya kuchakaa ulivuma Marekani baada ya Rachel Ashwell kufungua duka lake la Shabby Chic, Santa Monica, mwaka 1989. Kwa kadi, msikilizaji, huhitaji duka. Chemsha chai ya rangi, iwe kali, bila sukari (sukari huvuta sisimizi). Ikipoa, loweka karatasi dakika chache, kisha ianike kivulini. Tanini ya majani ya chai ndiyo huacha ule ukahawia. Ikikauka, ikunje na usugue kingo kwa msasa. Andika mwisho, maana wino ukilowa huchuruzika.

Barua halisi ya marehemu bibi usiiloweshe wala kuikata. Itoe fotokopi, ubandike hiyo kwa gundi ya unga wa ngano. Sisi tuliharibu moja, na haikuwa na nakala.