Maudhui ya Mtandaoni: Istilahi na Kazi ya Afisa Uhusiano

Aliyesoma fasihi sekondari hasahau jozi ya fani na maudhui. Maudhui ni yanayosemwa: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa ya mwandishi. Fani ni namna yanavyosemwa: mtindo, lugha, wahusika, mandhari. Neno hilo halikubaki darasani. Lilihamia kwenye utangazaji, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ikawa na Kamati ya Maudhui inayofuatilia yanayorushwa na redio na televisheni. Mwaka 2018 zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, na mwaka 2020 zikaja nyingine mahali pake. Leo istilahi hiyo inabeba kila kinachowekwa kwenye intaneti ili wengine wakione, yawe maandishi, picha, sauti, video au bango la kutakiana heri ya Idi.

Katika kuhama huko neno limepanuka hadi likaimeza fani. Mwanasheria hapati shida, kwa kuwa sheria yake inahitaji neno pana. Anayeumia ni afisa uhusiano. Kurasa nyingi za taasisi zetu zimejaa mkurugenzi akikata utepe, mkurugenzi akipokea tuzo, wajumbe katika picha ya pamoja, na chini yake maneno “matukio katika picha”. Kwa mujibu wa kanuni, hayo yote ni maudhui. Mwalimu wa fasihi angesema ni fani tupu. Mimi nipo upande wa mwalimu, na ningependa kila afisa uhusiano, kabla hajachagua picha, ajiulize msomaji atajua nini ambacho hakukijua dakika moja iliyopita.

Asili ya neno inaniunga mkono. Katika Kiarabu ni mada, jambo lililowekwa mbele ya watu ili lizungumzwe. Wanafunzi wa elimu ya hadithi wanalijua pia kwa maana nyingine kali: hadithi iliyobuniwa, ambayo Mtume hakuisema. Maana hiyo ya pili tutaihitaji baadaye.

Mfano ninaouheshimu ni wa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaukaribia mwambao wetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa mfululizo, nayo mitandao ya kijamii ilizisambaza. Zilitaja kimbunga kiko umbali wa kilomita ngapi kutoka pwani, upepo una kasi gani, na mikoa ipi ijiandae: Mtwara, Lindi, Pwani, Dar es Salaam, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Mvuvi wa Kilwa alipata cha kuamulia kama aingie baharini au avute chombo chake pwani. Boti za Dar es Salaam na Unguja zilisitisha safari. Tarehe 4 Mei kimbunga kilipopoteza nguvu, hilo nalo likatangazwa. Hakuna aliyehitaji bango la kupendeza ili asome. Watu walisoma kwa sababu kila taarifa ilikuwa na jambo jipya ndani yake.

Maneno mazuri nayo hayawezi kuziba pengo la ukweli. Tarehe 9 Aprili 2017, katika uwanja wa O'Hare, Chicago, abiria aliyekataa kuachia kiti chake aliburutwa nje ya ndege ya shirika la United Airlines, huku abiria wenzake wakirekodi kwa simu. Kesho yake ukurasa wa shirika ukabeba taarifa ya Mkurugenzi Mtendaji, Oscar Munoz, akiomba radhi kwa kulazimika kuwapangia abiria nafasi upya. Dunia ilikuwa imekwisha kuiona video, na lugha hiyo ya ofisini ikawaudhi watu kuliko kimya. Tarehe 11 alitoa taarifa nyingine, safari hii akiliita tukio la kutisha na kusema hakuna anayestahili kutendewa vile. Taarifa ya pili ndiyo iliyopaswa kuwa ya kwanza.

Jambo jingine linalofichwa na istilahi yetu ni kwamba maoni ya wananchi ni maudhui pia. Mwaka 1984, kabla ya mitandao hii, James Grunig na Todd Hunt waligawa kazi ya uhusiano kwa umma katika mifumo minne. Ule wa juu kabisa ulikuwa wa mazungumzo ya pande mbili, ambamo taasisi nayo hukubali kubadilika kutokana na inachoambiwa. Ukurasa unaotangaza tu, huku maswali mia ya mita na ankara yakining'inia bila jibu, umerudi nyuma ya mwaka huo. Kujibu kuna adabu yake: namba ya mita au ya kitambulisho isiombwe hadharani, ipelekwe kwenye ujumbe wa faragha, kama inavyodai busara na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Halafu kuna ile “taarifa kwa umma” inayochapwa, ikapigwa muhuri, ikapigwa picha, ndipo ikawekwa mtandaoni. Maandishi yaliyofungwa ndani ya picha hayatafutiki kirahisi, programu inayomsomea asiyeona mara nyingi huyakosa, na mwenye bando dogo huyavuta kwa gharama asiyostahili. Barua ibaki kama ushahidi, lakini maneno yake yaandikwe pia chini ya picha.

Sasa ile maana ya wanahadithi. Uzushi wenye nembo ya taasisi huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kuhusu ajira, mikopo, hata mitihani. Desturi ya kuuweka uzushi wenyewe ukurasani na kuugonga muhuri mwekundu husaidia, mradi ukweli wote uandikwe palepale: nafasi hazijatangazwa, zitatangazwa wapi, ada haidaiwi. Muhuri peke yake unamwacha mwombaji kazi na swali lilelile. Na kila taarifa ya kweli iandikwe tarehe na saa ndani ya bango lenyewe, maana likishatoka ukurasani linatembea peke yake, na tangazo la katizo la maji la mwaka jana linaweza kuwatia watu foleni ya ndoo mwaka huu.